Ngome za jangwani ukutani: picha ya utosini au ya mshazari?

Juu ya kochi letu zimepita picha mbili za ngome za jangwani. Ya kwanza ilikaa miezi mitatu nikaishusha. Ya pili ipo hadi leo. Ile ya kwanza nayo imerudi ukutani, ila haiko sebuleni tena, na nimeitundika kichwa chini miguu juu kwa sababu nitakayoieleza. Naandika kwa ajili ya anayetaka kupamba nyumba kwa picha za namna hii, zilizopigwa kutoka kwenye ndege au droni, na amekwama hajui achague ipi. Muuzaji atakuuliza ukubwa na rangi ya fremu. Mimi ningekuuliza kwanza kama kamera ilikuwa inatazama chini moja kwa moja au ilikuwa inatazama kwa upande. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua picha ikae chumba gani, iwe kubwa kiasi gani, na hata ichapwe juu ya kitu gani.

Ya utosini: Qasr Bashir

Picha ninayoiita ya utosini ni ile ambayo kamera imesimama juu ya ngome kama jua la saa sita. Haina mbingu wala upeo, na ngome inageuka mchoro. Yangu ilikuwa ya Qasr Bashir, kambi ndogo ya askari wa Kirumi katika jangwa la Jordan, upande wa mashariki ya Karak. Ukiitazama kutoka juu ni mraba wa mita 55 hivi kila upande, una minara minne iliyojitokeza pembeni, na vyumba vimepangwa kwa ndani kuuzunguka ua. Imekaa peke yake kwenye changarawe kama hirizi ya ngozi iliyomdondoka msafiri. Juu ya lango lake jiwe la maandishi ya Kilatini lingali mahali pake, likiwataja watawala wa Roma wa kati ya mwaka 293 na 305. Katika kambi za Kirumi za mpaka ule, hii ni miongoni mwa zilizosalimika vizuri kabisa.

Umbo kama hilo hutulia ukutani. Halina juu wala chini, halielekezi jicho popote, na lina ule utaratibu wa msuko wa mkeka. Niliipenda tangu siku ya kwanza.

Kisha shangazi yangu akaja kututembelea. Alikaa, akanywa chai, akaitazama muda mrefu, halafu akaniuliza, “Mwanangu, hili bwawa la nini?”

“Si bwawa, shangazi. Ni ngome.”

“Mbona imezama?”

Nikasogea alipokaa yeye, nikatazama, na kweli ilikuwa imezama. Kuta zilionekana kama mitaro iliyochimbwa, na ile minara minne kama visima. Tangu siku hiyo sikuweza tena kuiona ngome yangu, nikawa naona shimo tu. Baada ya wiki chache nikaishusha.

Kosa halikuwa la mpiga picha, lilikuwa la utundikaji wangu. Macho ya binadamu yamezoea mwanga utoke juu, na huamua kipi kimeinuka na kipi kimebonyea kwa kufuata desturi hiyo. Jordan iko kaskazini ya Tropiki ya Kansa, mstari wa mwisho wa kaskazini ambako jua hufika utosini, kwa hiyo jua la adhuhuri huko liko kusini mwaka mzima na kivuli hulalia kaskazini. Ukiitundika picha ya utosini ya nchi ile kama ramani, kaskazini juu, mwanga ndani ya picha unakuwa unatoka chini. Macho yanakataa, yanageuza kila kitu, ukuta unakuwa mtaro. Sisi tunaoishi Dar es Salaam tuna jua linalovuka utosi, miezi mingine liko kaskazini na miezi mingine kusini, kwa hiyo jambo hili halitujii haraka.

Dawa yake ni kuigeuza. Kusini ikae juu, vivuli vimwangukie anayetazama, na hapohapo ngome inasimama. Sikupata shida ya moyo kuigeuza, kwa sababu wanajiografia wa Kiislamu walikuwa wakichora hivyohivyo: ramani maarufu ya dunia ya al-Idrisi, iliyokamilika mwaka 1154 kwa ajili ya mfalme Roger wa Pili wa Sicily, ina kusini juu. Basi kabla hujalipia picha yoyote ya utosini, izungushe kwenye simu, pande zote nne. Ikiwa ngome inainuka upande mmoja tu, huo ndio upande wa kutundikia. Ikiwa haiinuki upande wowote, ilipigwa mchana wa jua kali na haina vivuli vya kutosha, iache.

Ya mshazari: Bahla

Picha ya mshazari hupigwa kamera ikiwa imeinamishwa. Unaiona ngome, unaona nchi iliyo nyuma yake, na mara nyingi kipande cha mbingu. Ya pili yangu ni ya Bahla, Oman, niliyoletewa na kaka yangu anayeishi Muscat. Bahla ni ngome ya matofali ya udongo usiochomwa juu ya misingi ya mawe, makao ya Banu Nabhan waliotawala bara la Oman kuanzia karne ya 12 hadi mwisho wa karne ya 15. Iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987, na mwaka uliofuata ikaandikwa kuwa iko hatarini, ikabaki humo mpaka 2004. Mji na mashamba yake umezungushiwa ukuta wa kilomita 12 hivi.

Ungeiweka Bahla utosini ungepoteza nusu ya uzuri wake. Uzuri wa ngome ile ni kwamba imepanda kilima, mitende iko chini yake kama zulia la kijani, na milima ya kahawia imeizunguka kwa mbali. Ndani ya picha ya mshazari unaelewa bila kuelezwa kwa nini watu walijenga pale: penye maji na mitende pana cha kulinda. Qasr Bashir ya utosini haikuambii kwa nini ipo, inakuonyesha tu imekaaje.

Hakuna aliyewahi kuniuliza Bahla ni bwawa la nini. Wageni huiangalia mara moja wakajua wanaangalia mahali. Wengine huanza kusimulia safari zao za Umra, au ndugu zao walioko Nizwa, na mazungumzo yanaendelea. Kwa sebule, hilo ni jambo kubwa.

Mtu anasimama wapi anapotazama

Hapa ndipo picha hizi mbili zinapotofautiana kwa namna ambayo sikuijua mpaka nilipoishi nazo. Ya mshazari hutazamwa ukiwa umekaa, kutoka mita mbili au tatu. Ya utosini humvuta mtu asimame, asogee, aweke kidole: lango ni lipi, kisima kiko wapi, hiki ni chumba au zizi? Nimewaona watoto wa jirani wakifanya hivyo nusu saa nzima.

Kwa hiyo mahitaji yao ya uchapaji si sawa. Droni nyingi za kamera nzuri hutoa picha yenye nukta (pikseli) 5472 kwa 3648. Ukichapa kwa nukta 150 kwa kila inchi unapata upana wa sentimita 93 hivi, na hapo hata anayesogeza pua ataona vizuri. Sasa kochi la watu watatu lina upana wa sentimita 210 hivi, na picha ya juu yake hupendeza ikichukua theluthi mbili, yaani sentimita 140. Faili hiyohiyo ukiivuta mpaka hapo utabaki na nukta 100 hivi kwa inchi. Bahla itavumilia, maana hakuna anayeigusa kwa pua. Qasr Bashir haitavumilia, mawe yatageuka uji. Ndiyo maana nasema ya utosini ichapwe ndogo na kali, sentimita 60 au 70, itundikwe penye nafasi ya kusimama: ukumbi mwembamba, chumba cha kusomea, ukuta wa kando ya meza ya chakula. Ya mshazari ndiyo ya juu ya kochi.

Kwa zote mbili, katikati ya picha iwe kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Nyumba nyingi nilizoingia picha ziko juu mno, karibu na dari, na mgeni inabidi ainue shingo kama anayetafuta mwezi wa Ramadhani.

Ngome nyingine, na upande wa kila moja

Ukishajua unataka utosini au mshazari, ngome zinajichagua zenyewe.

Ayaz Kala iko Karakalpakstan, Uzbekistan, pembezoni mwa jangwa la Kyzylkum. Ni ngome kadhaa za udongo zilizo karibukaribu: kubwa iko juu ya kilima kilicholala bapa, kuta zake ni za karne ya 4 au 3 kabla ya Kristo, na nyingine ndogo, changa kwa karne nyingi, imekaa juu ya kilima chembamba chini yake. Hii ni ya mshazari bila mjadala. Ukiipiga utosini, vile vilima viwili vinapigwa pasi na tofauti yao ya kimo, ambayo ndiyo picha yenyewe, inapotea. Katika zote nilizowahi kuziona, hii ndiyo ningeichukua kama ningekuwa na ukuta mmoja tu na nisiwe na ndugu Oman.

Jirani yake Toprak Kala ni kinyume. Ni mji mzima wa mstatili wa mita 500 kwa 350 hivi, uliogawanywa na barabara ya kati na vichochoro vinavyoikata. Kwa ubavuni unaona tuta la udongo. Kwa utosini unaona mitaa.

Lejjun, ngome kubwa ya jeshi la Roma isiyo mbali na Qasr Bashir, mita 242 kwa 190, iliangushwa na tetemeko la mwaka 551. Iliyobaki imelala chini, kwa hiyo ni ya utosini, tena ile iliyopigwa jua likiwa linachomoza au linazama.

Derawar katika jangwa la Cholistan, Pakistani, ina buruji 40 zilizopangana kama vidole, kuta za karibu mita 30 kwenda juu na mzunguko wa mita 1500. Ya mshazari, kamera iwe chini kiasi.

Nizwa nataka niiseme kwa urefu kidogo, ingawa imezungukwa na mitende na si jangwa tupu. Mnara wake mkuu wa duara ulijengwa na Imamu Sultan bin Saif, wa ukoo wa Yaaruba, ambaye mwaka 1650 aliwatoa Wareno Muscat. Mwanawe Saif bin Sultan ndiye ambaye majeshi yake yaliitwaa Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1698. Mtu wa pwani yetu anayetundika Nizwa ametundika mlango mmoja wa historia yake mwenyewe. Na Nizwa inafaa pande zote mbili: utosini mnara ni duara kamili kama sinia la shaba, na kwa mshazari unakuja na mitende yote. Ukitaka jozi, iweke Nizwa ya utosini kando ya Ngome ya Yesu ya utosini, ambayo kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali, kichwa, mikono na miguu. Duara na mtu, zote zimepiganiwa na familia moja. Sijaona jozi nzuri kuliko hiyo kwa nyumba ya Mswahili.

Mpya ya rangi au ya zamani nyeusi na nyeupe

Picha za zamani zina faida ambayo droni haiwezi kuipata: zinaonyesha nchi kabla ya barabara, mabomba na nyaya. Antoine Poidebard, padri Mjesuiti wa Kifaransa, aliruka juu ya jangwa la Syria kati ya 1925 na 1932 akizitafuta ngome na barabara za Kirumi. Alitambua kwamba jua likiwa chini, asubuhi na jioni, hata ukuta uliobaki kimo cha kiganja hutoa kivuli kirefu na kuonekana kutoka juu. Picha za namna ile ni vivuli vitupu, na kwa ukuta mweupe au wa rangi ya maziwa hakuna kinachokaa vizuri zaidi. Rangi ya mchanga juu ya ukuta wa rangi ya maziwa humezwa. Nyeusi na nyeupe haimezwi.

Zipo pia picha za setilaiti za kijasusi za Marekani za mpango wa Corona, zilizopigwa kati ya 1960 na 1972 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1995. Zilizokwisha skaniwa hupakuliwa bure kutoka kwa idara ya jiolojia ya nchi hiyo. Watu wengi huzikimbilia kwa sababu ya bei, lakini piga hesabu kwanza. Zilizo bora kabisa kati yake huona kitu cha mita 1.8 hivi. Qasr Bashir yote itakuwa nukta 30, yaani doa. Zinafaa kwa kitu kipana, kama chemchemi nzima yenye mashamba na ukuta wake, ambapo ngome ni sehemu tu ya picha.

Kwa picha za kisasa, hazina kubwa ya Jordan ni ya mradi ulioanzishwa na David Kennedy mwaka 1978, ambao tangu 1997 umekuwa ukiruka na kupiga picha maelfu kwa maelfu za magofu ya huko na kuziweka mtandaoni watu wazione. Kuziona hakukupi ruhusa ya kuzichapa. Waandikie uombe.

Nina neno moja kuhusu Bam, Iran. Ilikuwa ngome na mji wa udongo usio na mfano, na picha zake za angani za miaka ya 1970 ni za kupendeza mno. Tarehe 26 Desemba 2003 tetemeko liliibomoa na kuua zaidi ya watu 26,000 wa mji ule. Imejengwa upya kwa sehemu kubwa tangu hapo. Ukitaka Bam, chukua ya kabla ya tetemeko, na ujue unachokitundika. Ya magofu baada ya tetemeko mimi siwezi kuiweka mahali watu wanapokula.

Kanvasi, karatasi au alumini

Hapa nitakuwa mfupi. Kwa picha ya utosini, karatasi isiyong'aa iliyochapwa kwa wino wa pigimenti, yaani wa chembe za rangi, ndani ya fremu yenye kioo. Kanvasi ina nyuzi, na nyuzi hizo zinapigana na mawe madogo. Fundi aweke pambizo ya kadibodi nene kati ya karatasi na kioo, maana kwa joto letu la pwani karatasi iliyogusana na kioo hunata, na siku utakayoitoa itachanika. Nyuma azibe kwa utepe wa karatasi wenye gundi, na vipande viwili vya kizibo kwenye pembe za chini viiache hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Ukuta wa nje usiopigwa na jua hutoa unyevu, na ukungu huanzia nyuma.

Kwa mshazari, kanvasi inakubalika: haina mng'ao, ni nyepesi, na kwa umbali wa kochi nyuzi hazionekani. Ila masika yakija hulegea, kwa hiyo omba zile kabari ndogo za mbao za pembeni ili uikaze mwenyewe. Alumini haijali unyevu na rangi hukaa kali, lakini inang'aa. Ukiiweka kinyume na dirisha utajiona mwenyewe badala ya ngome.

Fremu ya mninga, ule wekundu wake wa kahawia, inaendana na mawe ya Jordan kuliko fremu yoyote ya dukani. Kwa Bahla ningechukua nyembamba nyeusi, kijani cha mitende kijitokeze.

Kabla ya kupigilia msumari, angalia dirisha la chumba liko upande gani, kisha angalia vivuli ndani ya picha. Dirisha likiwa kushoto, tafuta picha ambayo mwanga wake nao unatoka kushoto. Nilihamisha Bahla ukuta mmoja tu kwa sababu hiyo, na kaka yangu alipokuja likizo aliniuliza nimenunua nyingine lini.

Na nyuma ya picha ya utosini andika kwa kalamu jina la mahali, mwaka wa picha, na mshale mkubwa unaoonyesha upande wa juu. Yangu ilikwenda kwa fundi kubadilishwa kioo, ikarudi kaskazini juu, imezama tena.